Maji Yanapotelea Chini ya Jamvi: Ulipie Nini, Uache Nini

Bili ya mwezi huu imekuja mara mbili ya ile ya mwezi uliopita. Wageni hukupata, bustani huna. Rangi ya ukuta wa korido inabanduka kwa chini, na pale karibu na mlango wa bafu sakafu haikauki. Kabla hujampigia simu fundi mwenye nyundo na tindo, chukua kalamu na karatasi. Vipimo vya kwanza ni vya bure, na mara nyingi ndivyo vinavyomwokolea mtu pesa nyingi kuliko mashine yoyote.

Nyumba nyingi za Dar es Salaam hupokea maji kwenye tanki kwanza, kisha tanki ndilo linalolisha nyumba. Kwa hiyo una njia mbili za kupima, na kila moja hupimwa peke yake.

Funga koki inayoingiza maji kwenye tanki, na koki yoyote nyingine inayotoka moja kwa moja kwenye mita. Soma mita. Kwa kawaida tarakimu nyeusi ni uniti, kila moja lita 1,000, na nyekundu ni vipande vya uniti. Andika zote, subiri saa mbili, soma tena. Zikisogea, maji yanapotea kati ya mita na tanki. Upande huo ni wako: mamlaka ya maji hushughulikia bomba mpaka kwenye mita, kuanzia hapo kuja ndani unajitegemea. Usipime siku ya mgao. Bomba likiwa halina maji, mita itatulia hata kama bomba lina matundu kama chujio.

Kipimo cha pili fanya usiku. Tanki likiwa limejaa, funga koki ya kuingizia, hakikisha hakuna anayetumia maji, tumbukiza fimbo na uweke alama. Asubuhi rudia. Tanki la lita 1,000 lenye upana wa mita 1.1 hupoteza takriban lita 9 na nusu kwa kila sentimita inayoshuka. Maji yakishuka, usikimbilie kulaumu sakafu. Tia matone ya rangi ya chakula kwenye tanki la choo, kaa nusu saa bila kuflashi. Rangi ikionekana kwenye bakuli, tatizo lako ni mpira wa flashi, na kuubadilisha ni kazi ya mchana mmoja. Nimeona sakafu imevunjwa sehemu tatu kwa kosa la kipande cha mpira.

Sasa piga hesabu, maana uamuzi wote umo humo. Tundu linalojaza chupa ya nusu lita kwa dakika moja linamwaga lita 720 kwa siku, ndoo kubwa 36. Kwa mwezi ni uniti 21.6. Tuseme uniti moja ni shilingi 2,000 (weka bei iliyo kwenye bili yako): unapoteza 43,200 kila mwezi. Kama umeunganishwa na bomba la majitaka, ongeza, kwa sababu malipo ya majitaka nayo huhesabiwa kwa maji uliyotumia. Lakini tanki likishuka sentimita mbili tu kwa saa nane, hizo ni lita kama 57 kwa siku, chini ya uniti mbili kwa mwezi. Hapo bili haikukimbizi, unao muda wa kukusanya pesa na kuuliza bei kwa mafundi watatu.

Isipokuwa uone ufa ukutani unaopanuka, au ugonge sakafu isikike kama debe tupu. Hiyo ni dalili kwamba mchanga chini ya jamvi unaondoka na maji. Usingoje.

Wakati unatafuta pesa, funga koki ya kutokea tankini kila usiku na kila mnapotoka wote. Koki ikiwa ya zamani ya kuzungusha na haifungi sawasawa, nunua ya mpini mmoja wa kugeuza robo mzunguko. Ni matumizi madogo yanayorudisha pesa yake upesi, na koki ya kuingizia nayo isipofunga sawasawa, vipimo vya juu havina maana.

Tuje kwenye huduma za kulipia.

Cha kwanza ni fundi bomba mwenye pampu ya mkono ya kupimia presha. Anaziba njia ya jikoni, anaipampu, anaangalia kama mshale wa geji unashuka. Kisha bafu, kisha choo. Hakuoneshi tundu lilipo, anakuonesha ni njia gani mbovu. Hii ndiyo huduma ninayokushauri ulipie kwanza. Mafundi wenye pampu hizi si adimu, kwani ndizo hutumika kupimia mabomba mapya kabla ya kufunikwa. Mwambie mapema kama bomba ni la chuma la miaka mingi, asiipandishe presha kupita kiasi. Bomba lililoliwa na kutu linaweza kupasuka palipokuwa pazima, na gharama hiyo itakuwa yako. Uliza pia nani ananunua vizibo, maana ndipo bei hupandia.

Cha pili ni kifaa cha kusikiliza sakafuni. Mtaalamu huvaa visikizi na kutembea chumba kwa chumba akisaka mlio wa maji. Kwenye bomba la chuma hufanya kazi vizuri. Kwenye bomba la plastiki mlio hufifia haraka, na kwenye nyumba inayolishwa na tanki la juu ya mnara wa mita tatu presha ni ndogo, kama baa 0.3 tu, hivyo tundu halina nguvu ya kulia. Kama mabomba yako ni ya plastiki na maji ni ya tanki, okoa pesa yako.

Kamera ya joto inavutia kuitazama, ina picha za rangi rangi. Kazi yake hasa ni mabomba ya maji moto. Kama nyumba yako haina maji moto yanayopita chini ya sakafu, utakuwa umelipia picha.

Njia ya gesi ndiyo makini kuliko zote. Bomba hutolewa maji, hujazwa mchanganyiko wa haidrojeni asilimia 5 na naitrojeni asilimia 95 ambao hauwaki moto, kisha kifaa hunusa gesi inapopenyeza juu ya zege. Haijali kama bomba ni chuma au plastiki. Ila ni ya gharama, inapatikana zaidi kwenye miji mikubwa, na aliye mbali hulipia safari ya mtaalamu na mitungi yake. Inafaa nyumba kubwa yenye marumaru za bei mbaya. Kwa nyumba ya vyumba viwili vitatu, sioni sababu.

Nasema hivyo kwa sababu huhitaji kujua tundu lilipo. Ukishajua njia mbovu ni ya bafu, unaweza kuikata mwanzo, kuiziba, na kuiacha ifie chini ya zege, kisha ukapitisha bomba jipya ukutani au juu ya dari. Hakuna jamvi la kuvunja. Kwa bomba la chuma la zamani, hasa karibu na pwani ambako chumvi huharakisha kutu, nadhani ndiyo njia pekee yenye akili. Tundu moja likionekana leo, mengine yako njiani, na ukikarabati hilo utavunja tena.

Kwa bomba jipya, PPR huunganishwa kwa kuyeyushwa kwa mashine ya umeme, na viungo vyake vikifanywa vizuri hudumu. Ila lisiachwe juani bila kufunikwa. PVC ya gundi ni rahisi zaidi, lakini huvunjika ikigongwa. Bomba jeusi la roli lina faida ya kukosa viungo katikati, zuri kutoka mita hadi tanki. Kasoro ya kuhamisha njia ni mwonekano: bomba litaonekana, au ulipie kuchimba ukuta, plasta na rangi.

Ukiamua kuvunja, bei ya fundi ni mwanzo tu. Marumaru za muundo wako huenda hazipo tena dukani, hivyo utabadilisha chumba kizima au ukubali kiraka. Kuna saruji, kubeba kifusi kwa kirikuu, na nailoni ya kuzuia unyevu iliyo chini ya jamvi, ambayo ikichanika bila kuunganishwa inakuletea unyevu mwingine. Andikianeni kabla: akivunja mahali pasipo na maji, nani anarudishia?

Na kama mita imetulia, tanki halijashuka, ila ukuta bado unalia? Basi si bomba la maji safi. Unyevu unaokuja na mvua za Machi hadi Mei na kuondoka nazo unatoka ardhini. Usiokoma mwaka mzima, na wenye harufu, kagua bomba la majitaka: lizibe kwenye chemba, lijaze maji hadi karibu na usawa wa sakafu, uone kama yanashuka. Usimlipe mtu wa kutafuta tundu kwenye bomba lisilovuja.

Malipo yagawe. Mpe fundi pesa ya vifaa ukiwa na risiti mkononi, na sehemu kubwa ya ufundi ibaki hadi tanki likae usiku mmoja bila kushuka, kabla chochote hakijafunikwa. Piga picha bomba jipya huku tepu imelazwa kando yake kutoka kona ya ukuta, kwa sababu mwaka ujao mtu atakuja kutoboa ukuta huo akitundika kabati.