Ampli ya rezo bila breki inazima sauti ya avenue yote

Ku Kampemba, mu nyumba ya mabati, rezo inapoteaka. Mama wa Bel-Air ao Kigoma anatokaka inje ya lupango njo asikie bwana yake wa posti ya usiku. Juu ya hiyo, bantu bamoja bananunua kasanduku ka kuongeza rezo: antene moja juu ya nyumba, ampli katikati, antene ya pili ndani. Ampli inakamata sauti ndogo ya pilone, inaikuza. Sauti ya telefone yako nayo inaikuza, inairudisha ku pilone.

Kukuza huko si kwa mchezo. Desibeli 30 ni kuongeza nguvu mara 1,000. Desibeli 70 ni mara milioni 10. Kwa hiyo ampli nzuri iko na breki ndani. Sauti ya kuingia ikiwa kubwa, breki yenyewe inapunguza ukuzaji. Sauti ikiwa ndogo, inaachilia. Muntu hagusi kitu.

Ampli ya bei ya chini isiyo na breki inakuza tu. Ikishiba, inaharibu mawimbi na kutupa takataka mu masafa ya bengine. Tena kuna ubaya mwingine: antene mbili zikikaribiana, sauti ya kutoka inarudi kuingia. Ni kama mikro ya kanisa mbele ya bafle: inapiga mayowe. Tofauti ni kwamba mayowe haya hauyasikie. Pilone njo inayasikia, na telefone za jirani zinashindwa kuifikia. Jirani mwenye kuita gari la wagonjwa usiku anakatwa, na analaumu kampuni ya telefone bure.

Takataka hiyo iko na mpaka. Pendekezo SM.329 la UIT njo linaongea juu yake. Mu kipimo kinachofuatwa Ulaya, juu ya gigahertzi 1 haipaswi kupita mikrowati 1, maana yake wati moja kugawanya mara milioni. Chini ya gigahertzi 1, ni robo ya hiyo. Kwetu, Sheria 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 inasimamia telekomunikasio, na ARPTC njo yenye kuchunga masafa na homologasio ya vifaa.

Sasa tushuke chini ya udongo, kwani migodi kama Kipushi na Kamoto iko chini kabisa, na jiwe linazuia radio. Mu migodi mingi ya namna hiyo duniani, kabo yenye kuvujisha mawimbi inapita mu galeri, na kila baada ya metre mamia kuna ampli. Ampli zote zinafuatana ku kabo moja. Moja ikipoteza breki, kelele yake inaingia mu ya pili, ya pili inaikuza, inaipeleka mbele. Mwenye kuwa ku mwisho wa galeri anaita ku motorola yake, lakini ku juu wanasikia kelele tu. Siku jiwe linaanguka, hiyo dakika ni uzima wa muntu.

Delege wa sindika aulize mu komite ya usalama maswali tatu. Kila ampli ilipimwa lini? Nani aliandika matokeo mu kaye? Jaribio la sauti linafanywa ku kila posti, mpaka ku mwisho wa galeri? Jibu la mdomo halitoshi, tuone kaye.

Ku nyumba: omba homologasio mbele ya kulipa, weka antene mbali moja na ingine na ukuta katikati. Jirani bakisema rezo imekufa tangu ulipofunga yako, izime saa moja, uwaulize tena. Ikirudi, ni yako. Kama avenue yote haina rezo, tuandike pamoja barua moja ku kampuni, ilete pilone. Ampli kumi juu ya mabati kumi hazitatusaidia.