Tetesi za usajili: Nani hulipwa, na Korogwe na Handeni hupata nini?

Na Mwandishi Wetu, Korogwe

KILA dirisha la usajili linapokaribia kufunguliwa, stendi ya mabasi ya Korogwe hugeuka baraza la soka. Mabasi yaendayo Moshi na Arusha yanapoteremsha abiria, magazeti ya michezo hupita mkono hadi mkono, na kabla gari halijaondoka tayari kuna aliyekwisha kumhamisha mshambuliaji mmoja kutoka Msimbazi kwenda Jangwani, na mwingine aliyemrudisha. Ukipanda gari la Handeni, kilomita 65 za lami kutoka hapo, utaikuta habari ileile Chanika, ila dau limeongezeka.

Wengi huichukulia hali hiyo kuwa burudani tu, na si vibaya. Lakini tetesi za usajili hazioti zenyewe kama uyoga. Aghalabu nyuma yake yupo mtu mwenye hesabu yake, na mara nyingi mtu huyo ni wakala wa mchezaji, au yule ambaye mitaani huitwa 'meneja' ingawa hana leseni ya mahali popote.

Shirikisho la Soka la Kimataifa (FIFA) lilianza kutoa leseni kwa mawakala mwaka 1991. Aprili 2015 likauacha utaratibu huo na kuwaachia wanachama wake kuwasajili madalali kwa kanuni zao wenyewe. Uhuru huo uliwanufaisha wachache mno. Katika uhamisho wa Paul Pogba kutoka Juventus kwenda Manchester United mwaka 2016, ambao dau lake lilikuwa pauni milioni 89, wakala wake, marehemu Mino Raiola, aliripotiwa kuvuna takriban euro milioni 49 kutoka pande mbalimbali za mkataba. Mwaka 2023 klabu duniani zililipa mawakala dola milioni 888.1 katika uhamisho wa kimataifa pekee, kwa mujibu wa takwimu za FIFA yenyewe.

Mwaka huo huo FIFA ilirejesha leseni, safari hii kwa mtihani. Kanuni mpya zilisema wakala wa mchezaji anayelipwa hadi dola 200,000 kwa mwaka asizidishe asilimia 5 ya mapato ya mteja wake, na kwa kiasi kinachozidi hapo asilimia 3. Anayeiwakilisha klabu inayouza aliruhusiwa hadi asilimia 10 ya ada ya uhamisho, lakini asimwakilishe mchezaji huyo huyo kwa wakati mmoja. Mawakala wakubwa wa Ulaya walikimbilia mahakamani, mahakama ya Dortmund ikawasikiliza, na Desemba 30, 2023 FIFA ikasimamisha duniani kote vifungu kadhaa, ukiwamo ukomo huo wa malipo. Suala likapelekwa mbele ya Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya.

Hesabu ya wakala

Tuchukue mfano wa kubuni. Mchezaji analipwa Sh2 milioni kwa mwezi, na mkataba wake umebakiza mwaka mmoja. Klabu kubwa inamtaka kwa mkataba wa miaka miwili kwa mshahara uleule. Ikimnunua sasa, itailipa klabu yake Sh60 milioni na kumpa mchezaji fedha za usajili Sh20 milioni. Mapato yake kwa miaka miwili yatakuwa Sh68 milioni, na asilimia 5 ya wakala ni Sh3.4 milioni.

Sasa tuseme wakala anamshauri asubiri mkataba umalizike. Klabu yake ya zamani haipati hata senti. Zile Sh60 milioni zinageuka fedha za usajili na kuingia mfukoni mwa mchezaji. Mapato yanapanda hadi Sh108 milioni, na fungu la wakala linakuwa Sh5.4 milioni. Hapo tumezungumzia asilimia 5 ya kanuni. Kwa meneja wa mtaani, ambaye hufanya makubaliano ya mdomo na kujikatia anavyotaka, tofauti huwa kubwa zaidi.

Hapa ndipo tetesi inapopata kazi. Mchezaji akisoma kila siku kwamba anatakiwa na timu tatu, hataharakisha kuongeza mkataba. Klabu yake ikisoma hivyo hivyo, italazimika kupandisha ofa au kuuza upesi kabla thamani haijayeyuka. Kanuni za FIFA humruhusu mchezaji kusaini na klabu nyingine pindi mkataba wake unapobakiza miezi sita, na si ajabu kwamba tetesi hupamba moto hasa kipindi hicho. Nasi waandishi hatuwezi kujivua lawama: jina la nyota katika ukurasa wa mbele huuza gazeti, liwe na ukweli au lisiwe nao.

Klabu nazo hutumia mchezo huo. Timu iliyofungwa mechi mbili mfululizo huwa na haja kubwa ya kuonekana inafukuzia mshambuliaji.

Mfano ulio karibu zaidi na wasomaji ni wa Feisal Salum 'Fei Toto'. Desemba 2022 aliingiza Sh112 milioni katika akaunti ya Yanga, Sh100 milioni zikiwa za kuvunja mkataba na Sh12 milioni za mishahara ya miezi mitatu, akaaga. Januari 2023 Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) likaamua kwamba bado ni mchezaji halali wa Yanga. Jina la Azam lilitajwa vijiweni muda wote huo. Nyota huyo alikaa nje miezi kadhaa hadi Juni 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipowaomba viongozi wa Yanga walimalize, ndipo akauzwa Azam.

Mkoani Tanga kuna la Lameck Lawi. Juni 2024 Simba ilimtangaza rasmi beki huyo kutoka Coastal Union. Haikuwa tetesi tena, ilikuwa taarifa ya klabu. Wagosi wa Kaya wakajibu kwamba malipo hayakufanyika katika muda uliokubaliwa na kwamba makubaliano yamekufa. Suala likafika TFF, na msimu wa 2024/25 Lawi akaendelea kucheza Coastal. Basi hata picha ya mchezaji akiwa ameshika jezi haitoshi. Panapokosekana malipo, uhamisho haujakamilika.

Fungu lisilodaiwa

Yote hayo ni ya klabu zenye majina. Sehemu inayowagusa watu wa Handeni na Korogwe haitajwi sana, nayo ni ya fedha halisi.

Tangu mwaka 2001 kanuni za FIFA zinaagiza kwamba mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada igawiwe klabu zote zilizomlea kuanzia msimu alipotimiza miaka 12 hadi 23. Kila mwaka wa umri wa miaka 12 hadi 15 una asilimia 0.25 ya ada. Kila mwaka wa miaka 16 hadi 23 una asilimia 0.5.

Mbwana Samatta alipouzwa na Genk kwenda Aston Villa Januari 2020, ada ilitajwa kuwa karibu pauni milioni 8.5. Kwa kiasi hicho, klabu iliyokuwa naye msimu mmoja akiwa na miaka 17 ilistahili pauni 42,500, zaidi ya Sh120 milioni kwa viwango vya wakati huo. Kwa timu ya wilaya, hizo ni fedha za kuendesha akademi kwa misimu kadhaa. Samatta alipitia African Lyon na Simba kabla ya TP Mazembe, na kwa sababu hiyo majina ya klabu hizo za Dar es Salaam yalitajwa sana siku zile.

Je, kama angekuwa kijana wa Kabuku au wa Mombo? Mgambo JKT, timu ya Handeni, ilikuwamo Ligi Kuu hadi iliposhuka mwaka 2016 pamoja na Coastal Union na African Sports, mwaka ambao Tanga ilipoteza timu zote tatu kwa mkupuo. Mwaka mmoja kabla, mshambuliaji wake Malimi Busungu alikwenda Yanga. Timu ya ngazi hiyo ina kumbukumbu za usajili. Timu za vijana zinazoshindania mbuzi au seti ya jezi kwenye viwanja vya shule aghalabu hazina. Kijana huonekana kwenye UMISSETA au kombe la diwani, meneja huja na pikipiki, na wiki ifuatayo kijana yupo Dar es Salaam. Jina lake huandikwa kwa mara ya kwanza huko, na kwa mujibu wa karatasi ndiko alikozaliwa kisoka.

Ikumbukwe pia kwamba mchezaji akiondoka bure baada ya mkataba kwisha hakuna ada, na pasipo ada asilimia 5 yake ni sifuri. Ushauri ule wa kusubiri, unaomwongezea wakala milioni mbili, unaifuta pia haki ya timu ya kijijini ambayo haikuulizwa.

Kwa wazazi kuna la kuangalia zaidi. Wakala mwenye leseni haruhusiwi kumfuata mtoto mapema. Ni hadi ibaki miezi sita afikie umri wa kusaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, na kwa idhini ya mzazi kwa maandishi. Uhamisho wa kimataifa chini ya miaka 18 umepigwa marufuku isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Mtu anayemwendea mkulima wa Handeni akimwomba auze ng'ombe wawili kwa ajili ya nauli ya 'majaribio' ya mwanawe wa miaka 15 nje ya nchi hana kanuni ya kusimamia.

Tangu Novemba 2022 malipo haya ya malezi hupitia chombo maalumu cha FIFA kilichopo Paris, ambacho hufuata pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji. Pasipoti hiyo hujengwa kutokana na taarifa za usajili zilizoko kwenye shirikisho la nchi. Chombo hicho hakifuatilii habari za magazeti wala simulizi za stendi. Husoma jina la klabu, tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka. Klabu isiyoandikishwa kwa mchezaji huyo haimo katika orodha ya wanaolipwa, hata kama wilaya nzima inajua ni nani aliyemnunulia viatu vyake vya kwanza.