Aliyehamia na Aliyehamishwa

Swali la kwa nini watu huishi wanakoishi hujibiwa haraka mno. Wengi husema watu hufuata rutuba, maji na riziki, na anayejuta ni yule aliyekosea hesabu: alitegemea bonde limpe mpunga, likampa mafuriko. Jibu hilo lina ukweli wake, lakini wilaya za Nachingwea na Ruangwa mkoani Lindi zinalitia shaka. Huku ardhi ni ile ile kwa wote, mvua ni ya msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na dhiki ya maji wakati wa kiangazi haichagui mwenyeji wala mgeni. Hata hivyo, katika miaka 150 hivi iliyopita, kuna walioing'ang'ania ardhi hiyo wakati haiwapi kitu, na kuna walioiacha baada ya kupewa barabara, reli na matrekta. Basi tofauti haimo kwenye udongo. Hoja yangu ni kwamba mtu hujutia makazi pale ambapo hakuwa na kauli wakati yanachaguliwa, na zaidi pale ambapo njia ya kurudi alikotoka ilizibwa baada yake. Ubaya wa mahali huja nyuma ya hayo mawili.

Nchi ya Wamwera, iliyopo kati ya mto Mbwemkuru na mto Lukuledi, haikuwahi kuwa na msongamano wa watu. Misafara ya watumwa ilipita kusini humu ikielekea Kilwa na Lindi. Wangoni wakavamia mara kwa mara, kisha vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 vikafuatwa na njaa, maana Wajerumani waliamua kuchoma chakula ili kuwashinda wapiganaji. Wakati huo huo, Wayao, Wamakua na Wamakonde walikuwa wakivuka mto Ruvuma kuja kaskazini, wengine wakikimbia vita, wengine baadaye wakikimbia kodi na kazi za shokoa za Wareno. Kwa hiyo ramani ya makazi tunayoiona leo ilichorwa kwanza na hofu. Ndoa nayo ilikuwa na mkono wake. Makabila haya kwa asili hufuata ukoo wa mama, na kijana aliyeoa alikwenda kujenga ukweni, akalima ardhi ya wajomba wa mkewe. Mwanamume wa namna hiyo hakuishi alipo kwa sababu ya rutuba. Aliishi hapo kwa sababu ya watu, na mambo yakiharibika alikuwa na kwao pa kurudi.

Jirani zao wa Masasi wana mfano ambao ni mwepesi kuusoma. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, aliondoka Unguja na kundi la watu waliookolewa utumwani, safari ikiwa ya kuwarudisha kuelekea Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi, chini ya yale majabali makubwa, wakaona panawafaa na wakaomba wabaki hapo hapo. Miaka sita baadaye, mwaka 1882, Wangoni walikishambulia kijiji na kuteka watu, na sehemu ya kazi ya misheni ikahamia Newala. Kwa hesabu ya faida na hasara, Masasi ilipaswa kufa. Haikufa. Unaweza kusema hawakuwa na pengine pa kwenda, na hilo ni kweli kwa baadhi yao. Lakini walioamua wenyewe kuishia njiani walikuwa wamekwisha kukataa mahali pengine, yaani kule walikokuwa wakipelekwa, na aliyekwisha kukataa hubeba hasara ya chaguo lake kwa namna nyingine.

Sasa tutazame wale waliochaguliwa mahali na karatasi. Mwaka 1946 wataalamu wakiongozwa na John Wakefield walizunguka Tanganyika kutafuta ardhi ya kulima karanga, maana Uingereza baada ya vita ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Waliona mapori ya Kongwa, Urambo na Nachingwea, na sehemu kubwa kuliko zote ya mpango ikawekwa Jimbo la Kusini. Kwao utupu wa nchi ulikuwa nafasi. Hawakutia maanani kwamba watu hawaachi ardhi bure, na kwamba pori la Nachingwea lilikuwa na historia yake ya vita, njaa na ukosefu wa maji. Bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara, reli ikavutwa kutoka pwani, na mji ukaibuka Nachingwea ukiwa na Wazungu na maelfu ya vibarua Waafrika. Mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mpango wenyewe, ikiwa imeshateketeza zaidi ya pauni milioni 36. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Jambo ambalo halisemwi sana ni nani aliyebaki. Wazungu wa karanga walikuja kwa mkataba, na mkataba ulipokwisha walifunga virago. Vibarua wengi walirudi kwao. Lakini mji haukufutika: baadhi ya waliokuja kung'oa visiki walijikuta wamekwisha kuoa, wamelima, wamezaa, wakabaki. Hakuna aliyewaamuru kubaki, na mji wa Nachingwea ulipona kutokana na uamuzi wao mdogo mdogo.

Kuna kundi jingine lililopita hapa, na linafaa kutajwa kwa sababu linaonyesha upande wa pili wa shilingi. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, walikuwa na kambi yao kuu ya mafunzo Nachingwea, na Samora Machel, kiongozi wao, aliishi na kufundisha hapo. Msumbiji ilipopata uhuru Juni 1975, waliondoka. Waliishi Nachingwea miaka mingi kuliko baadhi ya wahamiaji wa kudumu, lakini hakuna anayewauliza kama walijuta kuondoka au kukaa, kwa kuwa tangu siku ya kwanza mlango wao ulikuwa wazi upande wa kusini.

Operesheni Vijiji ndiyo jaribio kubwa la hoja hii. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na kufikia 1976 mamilioni ya Watanzania walikuwa wamehamishwa. Kusini kazi ilianza mapema zaidi, kwa sababu vita vya Msumbiji vilikuwa mpakani na serikali ilitaka watu wakae pamoja ili walindwe. Kabla ya hapo, mkulima wa Mnacho au Mnero alikuwa na nyumba katikati ya shamba lake, mikorosho ikiwa imemzunguka. Ili kuelewa uzito wa kumhamisha, lazima kwanza umwelewe mkorosho. Korosho nzuri haichumwi mtini. Hukomaa, huanguka, huokotwa chini, na kwa hiyo uwanja chini ya mti lazima ufyekwe kabla ya msimu, na mtu apite kila baada ya siku chache, Oktoba hadi Desemba, kabla mvua haijaozesha. Mti huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi na huendelea kwa miongo. Mwenye mti akipelekwa kilomita saba au nane mbali, hakuna anayekata mti wake, lakini nyasi zinaota, moto wa kiangazi unapita, na shamba linageuka mahame. Tanzania ilipata tani kama 145,000 za korosho msimu wa 1973/74. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 zilikuwa chini ya 20,000.

Nakubali kwamba si haki kuibebesha Operesheni lawama yote ya anguko hilo. Ugonjwa wa ubwiri unga uliingia, bei aliyolipwa mkulima ilidumaa, na mamlaka ya zao ilichelewesha malipo. Lakini tazama watu walivyofanya amri ilipolegea. Kuanzia miaka ya 1980 wakulima wengi wa kusini walianza kuyarudia mashamba yao ya zamani, kwanza kwa kibanda cha msimu, kisha kwa nyumba. Salfa ya kudhibiti ubwiri unga ilipopatikana na soko likafunguliwa miaka ya 1990, miti iliyofufuliwa ilikuwa mara nyingi ile ile ya kwenye mahame. Mtu hawezi kutembea asubuhi na jioni kwa miaka kumi kwenda kwenye miti ya zamani kama alikotolewa hakumo moyoni mwake.

Hapo ndipo pingamizi zito hutokea. Kama watu walijuta, mbona wengi hawakurudi jumla? Vijiji vya Operesheni vipo hadi leo, vina shule, zahanati, misikiti na makanisa, na ukimwambia mama wa Chinongwe arudi kuishi porini mbali na bomba la maji atakushangaa. Ni kweli, na ni ushahidi kwamba mahali palipolazimishwa panaweza kuwa pazuri. Ila tukumbuke mambo mawili. Kwanza, mtoto aliyezaliwa kijijini mwaka 1980 hakuhamishwa, yeye alizaliwa hapo, na majuto ya mzazi wake hayarithiwi. Pili, kurudi kuliwekewa kufuli ya kisheria. Mwaka 1992 Bunge lilitunga sheria ya kufuta haki za kimila za ardhi katika vijiji vilivyoanzishwa na Operesheni, na kuzuia mashauri ya wanaodai mashamba yao ya zamani. Lakini Mahakama ya Rufani mwaka 1994, katika shauri lililotoka Arusha, ilitamka kwamba haki ya kimila ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Kisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikathibitisha ugawaji wa ardhi uliofanyika kati ya 1970 na 1977. Serikali haitungi sheria ya kumzuia asiyetaka kurudi. Wingi wa mashauri ndio uliosababisha wino huo kumwagika.

Wengine watasema haya yote ni nadharia, kwamba kijana wa leo anafuata fedha tu. Takwimu za sensa zinaonekana kuwaunga mkono, kwa mtazamo wa kwanza. Kati ya 2002 na 2012 mkoa wa Lindi ulikua kwa asilimia 0.9 tu kwa mwaka, miongoni mwa viwango vya chini kabisa nchini, na sehemu ya sababu ni vijana waliojazana Dar es Salaam kuuza bidhaa Kariakoo. Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji lilikuwa limefunguliwa 2003, na njia iliyokuwa ikikatika masika ikawa safari ya siku moja. Lakini fedha peke yake haielezi sensa iliyofuata. Idadi ya watu mkoani ilipanda kutoka 864,652 mwaka 2012 hadi 1,194,028 mwaka 2022, yaani asilimia 3.2 kwa mwaka, sawa na taifa zima. Ufuta, mbaazi, korosho za mnada na wachimbaji wadogo wa Namungo vilivuta watu, sikatai. Ila barabara iliyowapeleka vijana mjini ndiyo iliyowarahisishia kurudi. Mtu wa Ruangwa aliyepo Dar hupeleka watoto nyumbani kwenye jando na unyago, hununua bati kwa ajili ya nyumba asiyoishi, na huongeza miche ya mikorosho kwa mkono wa ndugu. Huyo amehamia mjini, hakuhamishwa, na mlango hajaufunga. Nadhani ndiyo maana wengi wao hawasemi wanajuta hata wakikaa chumba kimoja Mbagala.

Linganisha na wafugaji walioondolewa bonde la Usangu, mkoani Mbeya, mwaka 2006 na kuelekezwa kwenye mikoa ikiwamo Lindi. Lindi ina nyasi, na ndani ya miaka michache mifugo ilikuwa imetawanyika kusini. Kwa kipimo cha rutuba, walipata. Kwa kipimo ninachokitumia, hakukuwa na mwenye kauli: mfugaji aliambiwa aende, na mkulima mwenyeji aliambiwa ampokee. Ugomvi wa ng'ombe kuingia kwenye mashamba ya ufuta na mbaazi haukuanzishwa na ukabila, kama baadhi wanavyopenda kusema. Ulianza kwa pande mbili kuchaguliwa ujirani na ofisi. Pale ambapo halmashauri ya kijiji iliitisha mkutano na mgeni akaomba ardhi kwa utaratibu, kuna nafasi nzuri ya watu kuishi pamoja.

Sasa zamu ni ya kinywe. Ruangwa ina mradi wa Lindi Jumbo ulioanzishwa na kampuni ya Walkabout Resources ya Australia, upo pia mradi wa Chilalo, na Nachingwea ina nikeli ya Ntaka Hill. Madini hayahami, kwa hiyo kaya zilizo juu yake ndizo zinazohama. Kanuni za fidia za 2001 zimejitahidi: zinalipia ardhi, jengo, kila mkorosho kwa umri wake, usumbufu, usafiri, na posho ya makazi sawa na kodi ya miezi 36. Kwenye fomu hiyo hakuna mstari unaomuuliza mwenye nyumba anataka kwenda wapi na nani awe jirani yake. Wapo watakaojibu kwamba mradi hauwezi kusubiri kila mtu achague kilima chake. Haulazimiki. Mstari wa kinywe ni mwembamba, ardhi ya kijiji kuuzunguka ni pana, na ukoo mmoja ukipewa wiki chache kabla ya mthamini kufika utakubaliana wenyewe wahamie upande gani, nani akae karibu na mjomba, na nani aachiwe njia ya kwenda kuokota korosho za upande wa pili wa uzio.