Mizani ya chama na simu ya mkulima

MKULIMA wa kahawa wa Kibosho au Machame akipeleka mzigo wake chama cha msingi, huondoka na stakabadhi ya karatasi iliyoandikwa kilo zake. Baada ya hapo husubiri. Malipo ya awali yanaweza kuja mapema, lakini bei kamili hujulikana kahawa ikishapita mnadani, na ni katika kusubiri huko ndipo maneno huzaliwa: kilo zimepunguzwa, karani kakosea, fedha zimekaliwa.

Chama chenye kompyuta na programu ya hesabu za wanachama kina majibu yote hayo. Tatizo ni kwamba majibu yamefungiwa ofisini, na mwenye simu ya tochi isiyo na intaneti hawezi kuyafikia.

Dawa yake ni kuiunganisha programu hiyo na mitandao ya simu. Karani akishaingiza kilo 42, ujumbe unaondoka palepale kwenda kwa mwenye mzigo, kabla hajafika nyumbani.

Awali kazi hiyo ilimlazimu mtaalamu kuzungumza na kila kampuni ya simu peke yake, na masharti ya kila moja. Siku hizi wapo wa kati. Twilio ya Marekani ilianzishwa mwaka 2008 na Africa's Talking ya Nairobi mwaka 2010. Mtaalamu huandika mistari michache tu ya programu. Wa kati ndiye anayehangaika na Vodacom, Airtel, Halotel au Yas, ile iliyokuwa Tigo hadi mwaka 2024.

Ujumbe mfupi una faida moja kubwa: unabaki kwenye simu. Miezi mitatu baadaye mkulima anaweza kumwonyesha karani. Menyu ya nyota na reli, kama ya M-Pesa, humwezesha kuuliza mwenyewe jumla ya kilo zake, ila muda wake ni mfupi na mzee anayetafuta miwani hukatiwa kabla hajajibu.

Gharama ziangaliwe. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160. Lakini kompyuta ikiweka alama ya juu iliyopinda katika neno kama "Ng'ombe", badala ya ile iliyonyooka, nafasi inaweza kushuka hadi herufi 70, na chama kikajikuta kinalipia ujumbe mmoja kama miwili au mitatu.

Liko pia suala la matapeli. Watanzania wamechoshwa na ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii", hivyo ujumbe wa kilo utoke kwa jina la chama lililosajiliwa, si kwa namba ya karani. Na namba iliyoko kwenye daftari la wanachama huenda ni ya kijana aliyeko Dar es Salaam, si ya baba mwenye kihamba. Kuzihakiki moja moja ni kazi ndefu kuliko programu yenyewe, na inafaa iishe kabla mavuno hayajaanza kushika kasi mwezi Julai.