Chapati za Siku ya Soko: Kupika Nyingi kwa Moto Mmoja na Kuzigandisha

Vikundi vingi vya akina mama pande za Oldonyiro vina kazi moja ambayo havijawahi kuiita mradi: kuuza chai na chapati siku ya soko la mifugo. Watu wanashuka na mbuzi, kondoo na ng'ombe, wengine kutoka upande wa Samburu na Laikipia, wengine wamelala njiani, na wakifika wana njaa. Wanunuzi wa malori nao wana njaa. Hakuna siku nyingine katika juma ambapo pesa hupita mikononi namna hiyo, na mama ambaye chapati zake zimekwisha saa nne asubuhi hubaki akitazama wateja wakienda kwa jirani.

Shida ina pande mbili. Ukipika chache unakosa, ukipika nyingi na soko lisifanyike unakula hasara. Na soko la mifugo lina siku zake za kutofanyika: karantini ya ugonjwa ikitangazwa, usalama ukiharibika, laga ikijaa maji. Mwaka 2020, wakati wa korona, masoko mengi ya mifugo huku kaskazini yalifungwa kwa muda. Kisha ukaja ukame, misimu mitano ya mvua ikakosa mfululizo kuanzia mwisho wa 2020, na mifugo iliyofika sokoni ilikuwa ngozi na mifupa. Mama aliyekopa pesa za kikundi kununua unga na mafuta atalipa mkopo ule ule, hata kama chapati zake zimeishia kwa mbuzi.

Ndiyo sababu tunaulizwa mara kwa mara: je, chapati zinaweza kuwekwa kwa friza kama nyama? Zinaweza, tena zinakaa vizuri kuliko vyakula vingi. Lakini kazi hii ina njia yake na ina hesabu yake, na tunaomba msomaji asiishie kwa njia akaacha hesabu.

Kwanza tuelewe friza inafanya nini. Chakula huharibiwa na vidudu visivyoonekana kwa macho, na vidudu hivyo vinataka maji na joto. Watu wa kaskazini walijua jambo hili kabla ya umeme. Nyama ya nyirinyiri hukatwa vipande vyembamba, ikaanikwa, ikakaangwa, halafu ikafunikwa na mafuta. Maji yameondoka, hewa imezuiwa, vidudu havina pa kuishi, na nyama inakaa miezi. Chapati huwezi kuifanyia hivyo, maana ukiikausha unabaki na kigae. Friza haiondoi maji, inayafunga yakawa barafu. Ikiwa baridi ifaayo, yaani digrii 18 chini ya sifuri, vidudu havizaliani. Lakini havifi! Vinalala tu. Chapati iliyoshikwa na mikono michafu ikiingia kwa friza itatoka na uchafu ule ule, na joto likirudi vitaamka na kuendelea na kazi yao.

Biashara ya namna hii si ngeni Isiolo. Akina mama wanaouza maziwa ya ngamia mjini, wakiwemo wale wa ushirika wa Anolei, hutumia baridi ya friza kulinda maziwa usiku, kisha yanasafirishwa kwa basi hadi Eastleigh, Nairobi. Kama maziwa yanavumilia safari hiyo, chapati ni jambo dogo.

Jambo moja linawachanganya wengi. Sehemu ya baridi ya friji ya kawaida, pale tunapoweka soda na mboga, si mahali pa chapati. Baridi ile kidogo huifanya chapati au mkate kuwa mkavu na mgumu upesi kuliko ukiuacha tu mezani. Friza yenyewe, ile ya kugandisha, husimamisha ukavu huo. Kwa hiyo ni friza, au uuze siku hiyo hiyo.

Sasa tupike. Pakiti moja ya unga wa ngano ya kilo 2 inataka maji ya vuguvugu lita moja na robo hivi, chumvi vijiko viwili vya chai, na mafuta karibu nusu kikombe ndani ya unga. Ukikata madonge ya saizi moja utapata chapati 24 hivi. Pakiti tano ni chapati 120. Msikande pakiti zote tano kwa mpigo. Kwa joto la kwetu donge linalongoja masaa mengi linalegea na kuanza kuchacha, na mwenye kusukuma atawalaumu. Kandeni pakiti moja au mbili, liache lipumzike nusu saa likiwa limefunikwa, na wakati linasukumwa wengine wanakanda lingine. Hapa ndipo kikundi kinamshinda mtu mmoja: mmoja anakanda, wawili wanasukuma, mmoja yuko kwa kikaango, na moto ni ule mmoja. Kuni za kuwasha moto mara tano kwa chapati chache chache ni nyingi kuliko za moto mmoja wa asubuhi nzima, na mnajua wenyewe umbali wa kwenda kutafuta kuni siku hizi.

Chapati ya kugandisha haipikwi mpaka mwisho. Iweke kwa kikaango cha moto bila mafuta, igeuze ikianza kutoa mapovu madogo, upande wa pili vile vile, uitoe ikiwa bado nyeupe yenye madoa machache. Mafuta na rangi vitakuja siku ya soko. Ukifanya hivyo mteja atakula chapati iliyotoka jikoni, wala si kiporo. Lakini chapati ya nusu haijaiva, na haifai kulala nje hata kidogo. Ama inaingia kwa friza siku hiyo, ama inamalizwa kupikwa.

Ipoe kabisa kwanza. Wengi wana haraka hapa na ndipo kazi inapoharibikia. Chapati yenye joto ikifungiwa hutoa mvuke, mvuke unakuwa maji, maji yanakuwa barafu, na siku ya soko unatoa jiwe moja la chapati ishirini zilizoshikana. Zitandaze juu ya ungo safi au waya, kivulini, na kitambaa chembamba juu kuzuia nzi. Zisikae nje zaidi ya saa mbili, na siku ya jua kali saa moja inatosha.

Za kufungia je? Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku hapa Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, kwa hiyo mtu asiwashauri ile karatasi ya zamani ya dukani. Ndoo za mafuta ya kupikia zenye kifuniko kinachobana ni nzuri sana zikioshwa kwa sabuni na maji ya moto. Bakuli za plastiki zenye kifuniko pia. Kati ya chapati na chapati pakeni mafuta kidogo au wekeni karatasi safi isiyo na maandishi. Gazeti hapana, wino wake unahamia kwa chakula. Na ile mikebe ya dawa ya kuogeshea mifugo isisogee jikoni kamwe, hata ikioshwa mara kumi. Tunalisema waziwazi kwa sababu mikebe hiyo ni migumu, ina vifuniko vizuri, na inatamanisha.

Wekeni kumi au kumi na mbili kwa chombo kimoja. Fungu dogo huganda upesi na kutoka likiwa laini, fungu kubwa huganda polepole, barafu yake ni ya chembe kubwa, na chapati inakatika ukiigusa. Andikeni tarehe juu. Miezi miwili ni sawa, baada ya hapo ladha inaanza kwenda.

Kwa wanaopenda chapati za maji, ambazo watu wa mjini huziita pankeki, kazi ni nyepesi zaidi kwa sababu hakuna kusukuma. Unga kilo 2, mayai 8, maziwa lita moja na nusu, maji kiasi hicho hicho, chumvi na sukari kidogo. Maziwa yawe ya mbuzi, ng'ombe au ngamia, yachemsheni kwanza yapoe, maana homa inayotokana na maziwa mabichi iko huku kwetu. Nusu kikombe cha chai kwa kila moja itawapa 40 hivi. Hizi zipikwe ziive kabisa, zipoe, kisha ziingie kwa friza na karatasi katikati. Zina maziwa na mayai, kwa hiyo nje haziwezi kungoja kesho.

Friza ya lita 200 hailemewi na kilo saba au nane za chakula kipya kwa siku moja. Chapati 120 ni karibu mara mbili ya hapo, na mkiziingiza zote pamoja zitapandisha joto na kuharibu vilivyokuwa ndani. Pikeni 60 leo, 60 kesho. Alfajiri ya siku ya soko toeni kiasi cha kutosha asubuhi tu. Ziyeyuke ndani ya chombo kilichofunikwa, ziende kwa kikaango cha moto na mafuta. Mkiona wateja ni wengi, zingine zinaweza kutoka kwa friza moja kwa moja hadi kwa kikaango, zinachukua dakika moja zaidi. Iliyoyeyuka hairudi kwa friza. Ikibaki, ipikeni, iliwe na watoto.

Tumefika kwa hesabu. Friza kama hiyo hula yuniti moja au mbili za umeme kwa siku kwenye joto. Kwa siku 90 hizo ni yuniti 90 hadi 180. Tuseme kwa mfano yuniti ni shilingi 30: mmetumia kati ya shilingi 2,700 na 5,400. Tuseme tena kwamba katika miezi hiyo mitatu soko moja lilifungwa, na friza ikawaokolea chapati 150 za shilingi 20, yaani shilingi 3,000. Mmeona? Chapati peke yake zinalipa umeme kwa shida au hazilipi kabisa, na bado hatujagusa bei ya friza yenyewe. Wekeni bei zenu mahali pa hizi zetu mfanye upya, lakini sisi hatungeshauri kikundi kikope kununua friza kwa ajili ya chapati tu. Ikiwa itabeba pia maziwa, nyama, na maji ya barafu ya kuuza, hapo mazungumzo yanabadilika. Na sola ndogo ya taa na simu haiwezi kuivuta, muuzaji aseme atakavyo.

Njia ya kuanzia ni kukodi nafasi. Tafuteni mwenye duka au hoteli aliye na friza isiyojaa, mkubaliane malipo kwa kila ndoo kwa juma, na mwekahazina aandike ndoo zilizoingia na zilizotoka. Jaribuni hivyo kwa masoko sita. Daftari litawaambia kama mnahitaji ya kwenu.

Umeme ukipotea msifungue kifuniko kuchungulia. Friza iliyojaa ikifungwa hushika baridi karibu siku mbili, iliyo nusu karibu siku moja, na kwa joto letu hesabuni pungufu ya hapo. Ile ya kufungulia juu hushika zaidi ya ile ya mlango wa mbele, kwa kuwa baridi ni nzito na haimwagiki ukifungua. Nafasi iliyobaki wazi ijazeni vibuyu vya plastiki vyenye maji, visijae hadi mdomoni kwa sababu barafu inavimba. Maji hayo yakiganda yatalinda chapati zenu hadi fundi afike.