Kuunga Plastiki kwa Mawimbi ya Redio

Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha fedha za kuufikishia Mkoa wa Simiyu, wenye makao makuu Bariadi, maji ya Ziwa Victoria. Katika kusambaza maji, mabomba ya polithini hupendwa kwa sababu hayashiki kutu. Udhaifu wake umo kwenye viungo: kiungo kibovu huyamwaga ardhini maji yaliyotoka mbali.

Kwa kawaida fundi hugusisha ncha za mabomba mawili kwenye bamba lenye joto la nyuzi zipatazo 200 za Sentigredi. Zikilainika, huliondoa bamba na kuzikandamiza pamoja hadi zipoe. Vumbi likiingia katikati, kiungo hudhoofika.

Je, joto laweza kuzaliwa ndani ya kiungo chenyewe? Mawimbi ya redio hupenya polithini bila kuipasha moto, kwani molekuli zake hazina ncha za umeme za kutikiswa na mawimbi. Lakini grafini, yaani tabaka la kaboni lenye unene wa atomi moja, ambalo likipangwa kwa wingi hufanya madini ya kinywe kama yale ya Mahenge, hupitisha umeme. Ikipakwa kati ya plastiki mbili, mawimbi husukuma elektroni zake. Ukinzani hugeuza mwendo huo kuwa joto, na plastiki inayoigusa huyeyuka na kushikana. Sehemu za mbali hazilainiki.

Kwa mabomba ya maji, bamba la moto lingali ndiyo njia ya kawaida. Hata hivyo kanuni yenyewe ni dhahiri: joto lizaliwe pale tu linapohitajika.