Cha Enzi za Victoria, au cha Juzi?

Wanachuo wenzangu, ukipita kwenye maduka ya vitu vya kale kule Mji Mkongwe, Zanzibar, hukosi kulisikia jina la Victoria. Jagi la kioo la rangi ya waridi, Victoria. Taa ya kuning'iniza, Victoria. Malkia huyo alitawala Uingereza kuanzia 1837 hadi 1901, na ni kweli kwamba miaka hiyo vyombo vya kioo vya Ulaya vilikuwa vikifika kwetu. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, katika kumbukumbu zake zilizochapwa Berlin mwaka 1886, anaeleza jinsi zidaka za nyumba za Zanzibar zilivyopambwa kwa vyombo vya kioo na vya kauri. Kwa hiyo vya kweli vipo. Shida ni kwamba vya kuiga navyo vipo, tena vingine vimetengenezwa vizuri haswa.

Msidhani haya ni mambo ya matajiri. Shangazi yangu ana jagi la namna hiyo, alilorithi kwa mama yake. Mwaka jana bumu langu lilichelewa na mdogo wangu alikuwa anadaiwa ada, akatokea mnunuzi: "Bi mkubwa, hili la juzi tu, nakupa bei ya sufuria." Sasa utamjibu nini kama hujui pa kutazama?

Anza na kitako. Chombo kilichokaa mezani miaka mia na zaidi huchakaa pale tu kinapogusa meza. Mikwaruzo yake ni myembamba, inakwenda kila upande, mingine imezama na mingine haionekani vizuri. Anayezeesha chombo kwa msasa huacha mistari iliyolingana, inayoelekea upande mmoja, na mara nyingi hukwaruza hata sehemu isiyogusa meza. Kiweke juu ya kitu bapa, chungulia kinapogusia, halafu linganisha.

Pili, tafuta kovu katikati ya kitako. Mpuliza kioo alikishikilia chombo kwa fimbo ya chuma wakati anamalizia mdomo wake. Akiivunja fimbo hubaki kovu lenye makali, ambalo kwenye vyombo vizuri lilisuguliwa likawa kishimo laini. Wengi wakiona kovu husema, "Basi, cha kale." Hapana. Wapuliza kioo wa leo wanatumia fimbo ile ile. Kovu linakuambia chombo kimetengenezwa kwa mkono, halikuambii lini. Na mshono wa kalibu nao haumaanishi kipya: kiwanda cha Sowerby cha Gateshead, Uingereza, kilishindilia kioo kwenye kalibu enzi hizo hizo za Victoria, na nembo yake ilikuwa kichwa cha tausi.

Tatu, mkono wa jagi. Mafundi wa zamani waliubandika kwanza juu, karibu na mdomo, wakauvuta kushuka chini. Kuanzia miaka ya 1860 hivi wengi wakageuza: wakaanza chini, wakaupandisha juu. Ukiambiwa jagi ni la 1840 na donge nene la mkono liko chini, muulize muuzaji maswali.

Nne, alama. Kuanzia 1842 hadi 1883, michoro iliyosajiliwa Uingereza ilipewa alama ya umbo la almasi. Kuanzia 1884 zikafuata namba zenye herufi "Rd". Alama hizo zinaonyesha mchoro ulisajiliwa lini, maana chombo chenyewe kingeweza kutoka kiwandani miaka kadhaa baadaye. Maneno "Made in England" kwa kawaida ni ya karne ya 20.

Tano, ile taa ya urujuanimno ya kukagulia noti bandia. Kioo chenye madini ya urani hung'aa kijani chini yake, na hapa ndipo watu wengi hunaswa. Chukua kioo kiitwacho Burmese, cha manjano kinachoingia waridi, ambacho rangi zake hutokana na urani na dhahabu. Kiligunduliwa Massachusetts, Marekani, kikapata hataza mwaka 1885. Mwaka uliofuata kampuni ya Thomas Webb ya Uingereza ikapata kibali cha kukitengeneza. Lakini mwaka 1970 kiwanda cha Fenton, Marekani, nacho kikaanza kutengeneza Burmese yake, nayo ina urani. Viwashie taa vyote viwili, vyote vitang'aa. Fenton hawakumdanganya mtu, waliuza kwa jina lao. Udanganyifu huanza pale mtu anaposugua nembo mpaka ikafutika, kwa hiyo doa lililofifia kwenye kitako nalo litazame vizuri.

Mnaosoma ualimu mnajua tunachoambiwa kwenye upimaji: swali moja halipimi somo zima. Hapa ni vivyo hivyo. Kila dalili ina swali lake inalolijibu, na kosa ni kuipa swali lisilo lake.

Jagi la shangazi tulilitazama hivyo. Mikwaruzo iko kwenye ukingo wa kitako peke yake, haina mpangilio. Kovu limesuguliwa. Mkono umeanzia chini. Alama hakuna, na taa haikuonyesha kitu. Hayo hayathibitishi kwamba ni la Victoria, ila hakuna hata moja linalounga mkono "la juzi tu". Shangazi alimwuliza yule bwana ameona nini kwenye kitako kilichomfanya aseme hivyo. Hakuwa na jibu. Jagi likarudi kidakani, ada tukachangishana.

Basi ukiletewa chombo na hadithi yake, iwe ya kupandisha bei au ya kuishusha, kipindue kwanza. Halafu muulize msimulizi akuonyeshe kwa kidole.